Kiungulia Kisichoisha: Kabla Hujakubali Kupasuliwa

Mtu anayenufaika zaidi na upasuaji wa kiungulia ni yule ambaye dawa zinamsaidia. Wagonjwa wengi hushangaa wakielezwa hivyo, maana wao humfikia daktari wa upasuaji wakiwa wamekata tamaa: wamemeza omeprazole miezi na miaka, wameacha pilipili, wameacha maharage, wamekunywa kila mzizi walioelekezwa na jirani, na kifua bado kinawaka. Wanaona kilichobaki ni kisu. Lakini kama dawa ya kupunguza asidi haikupi nafuu hata kidogo, inabidi kwanza ujue kama kinachokuunguza ni asidi kweli. Jibu la swali hilo lipatikane kabla hujasaini fomu yoyote.

Mahali umio unapoingia kwenye mfuko wa chakula pana msuli wa mviringo unaojifunga baada ya tonge kupita. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huubana umio kwa nje mahali hapohapo. Msuli ule ukilegea, au sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ikipenya kwenye tundu la kiwambo na kupanda kifuani (hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo), asidi hupanda pia. Mfuko wa chakula una utando wa kuukinga na asidi yake wenyewe. Umio haukuumbwa na kinga ya kiasi hicho. Dawa hupunguza asidi, haziufungi mlango uliolegea. Ndiyo maana mtu anaweza kupoa kifua kabisa, lakini akiinama kudeki au kufunga kamba za viatu, chakula kinamrudi mdomoni.

Huku kwetu kila maumivu ya juu ya kitovu huitwa vidonda vya tumbo. Mtu anapimwa bakteria wa H. pylori, anakutwa nao kama wanavyokutwa nao watu wengi barani Afrika, anapewa dozi ya wiki mbili, anaimaliza, na kiungulia kiko palepale. Anarudi kulalamika kwamba dawa ni feki. Dawa huenda imefanya kazi yake vizuri, imeua bakteria. Kucheua asidi ni ugonjwa mwingine, na kuua bakteria hakukazi msuli uliolegea.

Dalili zisizosubiri

Kabla ya yote, jichunguze. Kama chakula kinakwama kifuani, kama unaumia kumeza, kama unapungua uzito bila kutaka, kama unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, au kama umeambiwa damu yako ni pungufu na hakuna aliyejua sababu, acha kununua dawa dukani na uende ukapimwe kwa kamera. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Aina iliyoenea zaidi huku haisababishwi na kiungulia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kwa hiyo chai yako iache ipoe kidogo, uwe na kiungulia au usiwe nacho. Ila mtu aliyezoea kifua kuwaka miaka kumi huwa mwepesi kusema "ni kile kiungulia changu" hata tonge linapoanza kukwama, na hapo ndipo watu wanapochelewa.

Moyo nao huumia palepale. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakaenda mkono wa kushoto au taya, ukatokwa na jasho jembamba, pumzi zikakata, usitafute maziwa wala magadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Dawa ilimezwa inavyotakiwa?

Omeprazole na ndugu zake (esomeprazole, pantoprazole, lansoprazole) hazifanyi kazi kama vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Mfuko wa chakula una pampu ndogondogo za kutoa asidi, na dawa hizi huzima zile pampu zilizoamshwa na chakula. Ili zifanye hivyo ni lazima ziwe zimeshaingia kwenye damu chakula kinapofika. Basi kidonge humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, mara nyingi kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa wiki nne hadi nane bila kuruka. Anayekimeza usiku tumbo likishajaa, au anayekimeza siku anayojisikia vibaya tu, hajaijaribu dawa hiyo bado. Namwambia hivyo kila anayenieleza kwamba dawa zimemshinda, na mara nyingi mazungumzo hugeukia saa ya kumeza badala ya chumba cha upasuaji.

Ukishazoea kuitumia, usiiache ghafla. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2009 majaribio ya watu 120 ambao hawakuwa na kiungulia kabisa. Nusu walipewa esomeprazole kwa wiki nane, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliotumia dawa walipoachishwa, asilimia 44 walipata dalili za asidi katika wiki zilizofuata. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 15. Tumbo lililozimiwa pampu hurudi na asidi nyingi kuliko mwanzo, kwa muda. Mtu akiacha leo, akawaka kesho, huona ugonjwa umezidi, kumbe ni marejeo ya asidi yanayopita. Punguza dozi polepole ukishauriana na daktari au mfamasia, na wiki za mwanzo ujisaidie kwa vidonge vya kutafuna.

Kuhusu hofu ya madhara, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Katika utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, watu 17,598 walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu, wengine wakipewa pantoprazole na wengine kidonge kitupu. Tofauti iliyojitokeza wazi ni maambukizi ya tumbo: asilimia 1.4 kwa waliotumia dawa, asilimia 1.0 kwa wasiotumia. Asidi ni askari wa mlangoni. Ukimpunguza, vijidudu vinapita kirahisi. Kwa anayeishi mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki, hilo lina maana: chemsha maji, osha matunda. Anayetumia dawa kwa miaka mingi apimwe pia vitamini B12 na magnesiamu mara mojamoja.

Jambo jingine ambalo duka la dawa halikuulizi: unatumia dawa gani nyingine? Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au alumini huizuia dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD cha ARV, isifyonzwe vizuri. Meza TLD saa mbili kabla ya kutafuna vidonge hivyo, au saa sita baada yake. Omeprazole haina shida na dolutegravir, lakini atazanavir, wanayoitumia baadhi ya watu walio kwenye mstari wa pili wa ARV, hudhoofishwa nayo. Anayemeza clopidogrel kwa ajili ya moyo naye amwambie daktari. Na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, au doxycycline iliyomezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala, huchubua umio zenyewe. Nimeona watu wakihangaika na kiungulia huku chanzo kikiwa kwenye mfuko wa dawa za mgongo.

Usiku na meza ya chakula

Vyakula sitavihubiri sana. Kila mtu ana adui yake: huyu ndimu na achari, yule chapati za mafuta na chai ya maziwa, mwingine soda na kahawa. Andika kwa wiki mbili ulichokula na jinsi ulivyolala, utamjua wako, na utaacha kujinyima vitu visivyo na hatia. Ila yale maji ya moto yenye ndimu ya asubuhi, yanayosifiwa kwa kupunguza tumbo, kwako ni asidi juu ya kidonda. Maziwa yanapoza kwa muda mfupi tu.

Muda wa kula una uzito kuliko chakula chenyewe. Saa tatu zipite kati ya mlo wa mwisho na kulala. Mwezi wa Ramadhani ndipo penye mtihani, kwa sababu mtu hula daku akarudi kitandani tumbo likiwa limejaa. Kula daku ndogo, ukae ukisubiri Alfajiri, na futari uigawe mara mbili badala ya kuifagia yote kwa mkupuo.

Kitanda nacho ni dawa. Inua miguu ya upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali au vipande vya mbao. Chagua vipana, uvichimbie kishimo kidogo au uvizungushie mpira wa tairi ili mguu wa kitanda usiteleze, kisha ukague kama chandarua bado kinafunika kitanda chote. Mito mitatu haitoi matokeo hayo. Inamkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo. Anayelala kwenye godoro chini amwombe fundi wa magodoro amkatie sponji la mshazari linaloanzia kiunoni hadi kichwani. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto, kwani hapo mfuko wa chakula unakuwa chini ya mdomo wa umio.

Uzito ukipungua, kiungulia hupungua. Kati ya mabadiliko yote ya maisha hili lina ushahidi mzito. Sigara na pombe ziache. Na kila kinacholibana tumbo kilegezwe: mkanda wa suruali, ile mikanda ya kupunguza tumbo inayouzwa siku hizi, hata mkaja wa mzazi kama amejifungua akiwa na kiungulia kikali.

Vipimo vinavyoamua

Ukiwa umeyafanya hayo yote kwa uaminifu na bado unateseka, au umechoka kuishi kwa kidonge, ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapoanza. Yaanze kwa vipimo.

Kipimo cha kamera, ambacho hospitalini utasikia kikiitwa OGD, huchukua dakika chache. Unakwenda bila kula tangu usiku, unalazwa ubavu wa kushoto, unapuliziwa ganzi kooni au unachomwa sindano ya usingizi, unang'ata kishikizo cha plastiki, na mrija mwembamba unapitishwa. Daktari anatazama michubuko, ngiri, na mabadiliko ya utando. Michubuko mikubwa ni ushahidi wa kutosha kwamba ni asidi. Lakini watu wengi wenye kiungulia umio wao huonekana msafi kabisa kwenye kamera, na hao ndio wanaohitaji kipimo cha pili.

Hicho ni cha kupima asidi kwa saa 24. Dawa za kupunguza asidi unaziacha siku saba kabla, kwa maelekezo ya daktari. Waya mwembamba hupitishwa puani hadi juu kidogo ya mfuko wa chakula, unabandikwa shavuni kwa plasta, na unaunganishwa na kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni. Unakwenda nyumbani, unakula chakula chako cha kawaida, unalala. Kila kifua kinapowaka unabonyeza kitufe. Kesho yake daktari anasoma mambo mawili: umio ulikaa kwenye asidi asilimia ngapi ya muda, na je, ulipobonyeza, asidi ilikuwa imepanda kweli? Zaidi ya asilimia 6 ya muda ni ugonjwa. Chini ya 4 ni hali ya kawaida. Usiuonee haya waya huo kwa kulala njaa siku hiyo. Kula kile kinachokuumiza.

Cha tatu hupima nguvu ya umio kusukuma chakula, nacho ni mrija wa puani huku ukimeza mafunda madogo ya maji. Lengo lake kubwa ni kuutambua ugonjwa uitwao akalasia, ambao msuli wa chini haulegei unapomeza. Chakula hukwama, hata maji hukwama, kisha vinarudi kama vilivyoliwa bila uchachu wa asidi, na mgonjwa anaambiwa miaka nenda rudi kwamba ana kiungulia. Mtu huyo akifanyiwa upasuaji wa kukaza mlango ambao tayari hautaki kufunguka, anaharibikiwa. Daktari akikuambia kipimo hiki si lazima, tafuta daktari mwingine. Hapa sina maneno laini.

Vipimo hivi viwili vya mwisho havipatikani kila hospitali ya rufaa. Piga simu kwanza, uulize kama mashine ipo na inafanya kazi, ndipo ukate tiketi ya basi.

Thamani ya mpangilio huu ilionekana Marekani, katika utafiti wa wanajeshi wastaafu ulioongozwa na Stuart Spechler na kuchapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 366 walipelekwa wakiwa na kiungulia kilichoshindikana kwa dawa. Watafiti walianza kwa kuwapa omeprazole wiki mbili wakiwaelekeza namna ya kuimeza: watu 42 walipata nafuu na mambo yakaishia hapo. Wengine 99 walipopimwa walionekana hawana ugonjwa wa asidi. Umio wao ulikuwa mwepesi mno kuhisi maumivu, na hilo halitibiwi kwa kisu. Wengine 23 walikuwa na magonjwa mengine ya umio. Waliobaki baada ya mchujo wote walikuwa 78 tu, na kati yao waliopangiwa upasuaji asilimia 67 walifanikiwa, dhidi ya asilimia 28 kwa waliopewa dawa za ziada. Upasuaji ulifanya vizuri kwa sababu uliwafikia wanaostahili.

Kinachofanywa ndani

Upasuaji wenyewe una jina la Rudolf Nissen, daktari Mjerumani aliyeikimbia nchi yake Wanazi walipotawala, akafundisha Istanbul. Huko, katika miaka ya 1930, alimkata mgonjwa sehemu ya chini ya umio na kupafunika mahali pa maungio kwa mkunjo wa mfuko wa chakula ili pasivuje. Miaka mingi baadaye aligundua kwamba mgonjwa yule hasumbuliwi na kiungulia. Mwaka 1955, akiwa Basel nchini Uswisi, akaufanya mkunjo huo makusudi kwa ajili ya kiungulia. Tangu 1991 hufanywa kwa njia ya matundu madogo, kwa kawaida matano, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Ngiri inashushwa, tundu la kiwambo linapunguzwa kwa nyuzi, kisha sehemu ya juu ya mfuko wa chakula inazungushwa kwenye umio na kushonwa. Ikizunguka yote ndiyo Nissen. Ikizunguka robo tatu huitwa Toupet, nayo huleta shida ndogo zaidi ya kumeza na gesi. Muulize daktari wako anachagua ipi kwako, na kwa nini.

Je, inazidi dawa? Ulaya walilinganisha kwa miaka mitano watu ambao dawa ilikuwa inawasaidia. Mwishoni, asilimia 92 ya waliobaki kwenye esomeprazole na asilimia 85 ya waliopasuliwa walikuwa bado na hali nzuri. Sweden walifuatilia watu 2,655 waliopasuliwa, na kiungulia kiliwarudia asilimia 17.7. Kwa maoni yangu, kama kidonge kimoja kwa siku kinakutosha na hakikudhuru, endelea nacho. Upasuaji una maana zaidi kwa mwenye asidi iliyothibitishwa ambaye chakula kinamrudi mdomoni, mwenye ngiri kubwa, asiyeivumilia dawa, au asiyetaka kabisa kuitumia maisha yake yote. Mwenye kikohozi au sauti ya kukwaruza pekee asitarajie makubwa. Na mwenye uzito mkubwa sana ajue kwamba upasuaji wa kuukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba unaweza kukizidisha kiungulia, wakati ule wa kuupitishia chakula pembeni hukitibu pamoja na uzito.

Muulize daktari: umeshafanya wangapi, na kwa mwaka unafanya wangapi? Wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Nikishindwa kumeza nikiwa nyumbani nimpigie nani? Pia uliza gharama nzima kwa maandishi, pamoja na nusu kaputi, kitanda na vipimo, na kibali cha bima ukipate kabla ya siku yenyewe.

Wiki za kwanza

Ukiamka, ukisikia kichefuchefu mwambie muuguzi mapema akuchome sindano, kwa sababu kutapika siku hizo kunaweza kukata nyuzi. Bega likiuma, mara nyingi ni gesi iliyotumika kulipanua tumbo, inaisha yenyewe. Wengi huruhusiwa baada ya siku moja au mbili.

Kumeza kutakuwa kugumu kwa wiki kadhaa kwa sababu ya uvimbe. Anza na vimiminika: uji mwepesi, supu iliyochujwa. Kisha nenda kwenye mtori, viazi na ndizi zilizopondwa, mayai laini. Mkate, chapati, ugali mgumu, wali mkavu na nyama ya kuchoma vingoje wiki nne hadi sita, na soda usiguse. Tonge liwe dogo, utafune mpaka lilainike, ule mara nyingi kidogokidogo. Kula peke yako mwanzoni kama sahani ya pamoja inakuharakisha. Waeleze wenzako, wataelewa. Usibebe ndoo ya maji, usibebe mtoto mgongoni, usishike jembe mpaka daktari akuruhusu.

Kubeua kutakuwa kwa shida na kutapika huenda kusiwezekane. Gesi itatafuta njia ya chini, na tumbo litajaa upesi. Kwa wengi hupungua baada ya miezi, kwa wachache hubaki, na hili ulikubali kabla, si baada. Homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, au mate kushindwa kupita, ni mambo ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Kiungulia kikijirudia baada ya mwaka au miaka, usirudi dukani kununua omeprazole kimyakimya. Omba kupimwa asidi upya, kwani wengi wanaoanza tena dawa baada ya upasuaji wakipimwa hukutwa asidi haipandi. Na siku ya kutoka wodini omba nakala ya ripoti ya upasuaji inayotaja aina ya mkunjo uliofanyiwa, uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Daktari atakayekupima kwa kamera miaka ijayo atahitaji kuisoma kabla hajauingiza mrija.